Msafara Uliokosa Askari

Siku ya kumi na moja bila simu ya mumewe, Yusta aliacha palizi ya mahindi Msowero akapanda basi kwenda Mikumi. Mumewe, Goodhope, alikuwa akiendesha lori la chakula cha wakimbizi huko jangwani, karibu na mpaka wa Somalia. Mara ya mwisho alimwambia kwamba askari wa kusindikiza msafara hawajafika, na mkubwa wao amesema waondoke hivyo hivyo. Tangu hapo hakupatikana tena. Katika ofisi ya wilaya Kilosa, Yusta alikokwenda kuuliza, alionyeshwa tangazo: wasafiri wasiukaribie mpaka ule. Alilisoma mara mbili, akarudi nyumbani.

Kisha, siku hiyo ya kumi na moja, akasikia kwamba Mathias, dereva wa msafara uleule, amerudi kwao Mikumi.

Alimkuta uani, nyayo zake zimefungwa bandeji. Mathias alisimulia akitazama chini. Lori la mbele lilikanyaga bomu. Watu wenye bunduki wakatokea vichakani, wakawashusha madereva wote. Risasi zilipoanza kulia, yeye na Goodhope wakakimbia. Alitembea siku mbili mchangani, pekupeku, hadi wachunga ngamia walipomwokota.

"Na Goodhope?"

"Alikuwa nyuma yangu. Alipigwa mguuni, akaanguka."

"Ulimwona akifa?"

"Hapana, shemeji. Nilimsikia akiniita."

"Ukarudi?"

Mathias alitikisa kichwa, akaanza kulia. Akamwomba msamaha. Yusta alimtaka tu amwandikie mahali penyewe shambulio lilipotokea. Mathias aliandika jina la kisima kilicho karibu.

Jioni, mama mkwe wake, Agatha, alikuwa mlangoni akimsubiri. Yusta alimwamkia, akaitikiwa. Ndani ya basi alikuwa amepanga kumwambia kwamba Goodhope yuko hospitali. Alipouona uso wa mama yule, akauacha uongo ule.

"Mama, aliachwa huko. Ameumia. Hakuna anayejua kama yu hai."

Agatha aliketi chini palepale, kwenye vumbi.

Majirani wakaja kuuliza habari za matanga. Agatha akakataa katakata, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Kila Jumatatu Yusta huenda Kilosa. Karani alikwisha kulinakili jina la kile kisima, akasema amelipeleka mbele. Siku hizi akimwona anaingia, huinamia mafaili yake. Yusta huketi kwenye benchi mpaka ofisi ifungwe.