Ombi la Pili la Anju

Barua ya kukataliwa viza ilimkuta Anju Kuriakose jikoni kwake Coventry, Uingereza, uji wa mchele ukichemka mpaka ukamwagika. Alikuwa amemaliza shahada ya uzamili, akaomba viza ya wahitimu abaki afanye kazi. Sababu ya kukataliwa ilikuwa mstari mmoja tu: chuo hakijathibitisha kwamba amehitimu.

Siku mbili alilia. Ya tatu alipanda ngazi hadi kwa mama mmoja wakili, Parminder Sohal, ofisi juu ya duka la vitambaa.

"Usinilowanishie makaratasi, binti," wakili alisema, akimsogezea kikombe cha chai. Akashika simu, akawasumbua watu wa chuo mpaka akapatikana karani aliyeandika jina la Anju likiwa na herufi pungufu. Kosa likarekebishwa.

"Tunaomba upya wiki hii hii. Ila nisikilize vizuri. Viza hii inaombwa na aliye ndani ya nchi. Ukitoka kabla ya jibu, basi, ombi limekufa."

Wiki ya tatu ya kusubiri jibu, mdogo wake Jobin akapiga simu kutoka kwao Kottayam, India. "Dada, Appa kaanguka. Ni moyo. Anakuulizia."

Anju alimpigia wakili. "Nikienda?"

"Kurudi usahau. Siwezi kukuamulia, mwanangu. Baba ni wako."

Mama yake ndiye aliyeamua. "Kaa huko huko. Ukirudi mikono mitupu, baba yako mwenyewe atakufukuza."

Jobin akaweka simu sikioni mwa baba.

"Anju? Unakuja lini?"

"Jumamosi, Appa. Tiketi ninayo."

Hakuwa na tiketi. Baba alifariki Alhamisi.

"Jana alimsumbua nesi amnyoe ndevu," Jobin alimwambia. "Eti, 'Binti yangu anakuja Jumamosi, asije akanidhania jambazi.'"

Mazishi Anju aliyatazama kwenye simu, kama wanavyoyatazama wengi wa kwao walio ng'ambo. Mvua ilikuwa ikinyesha, wajomba wameshika miavuli juu ya jeneza. Ndugu walipita mmoja mmoja wakilibusu paji la uso la marehemu. Mama akainama, akabusu, akainuka. Kisha akainama tena, akabusu mara ya pili. Anju alijua busu hilo la pili lilikuwa la nani. Akaufunika mdomo kwa shuka ili mwenzake wa chumba cha pili asimsikie.

Siku kumi na moja baadaye, alikuwa akifika nyumbani kutoka dukani Parminder alipopiga.

"Imetoka, binti. Umepewa." Hakusema hongera. "Sasa waweza kwenda nyumbani, urudi utakapo."

"Asante, mama," Anju alisema, na alishukuru kweli. Mama huyu alikuwa ameifanya kazi yake yote. Simu ilipokatika akakaa kwenye ngazi za mlangoni, mfuko wa mchele mapajani, akakaa sana, mpaka jirani akamwuliza kama amepoteza ufunguo.

Akatikisa kichwa, lakini hakuinuka.