Nyumba ya Primitiva Kabla ya Saa Sita

Karatasi ya nne ilichanika saa tatu na robo asubuhi, na Saturnino Quisbert akaitazama mashine kama mtu anayemtazama mgeni aliyemtukana mezani kwake.

Ilikuwa kidude cheupe, si kikubwa kuliko kasha la mkate, na ilikuwa imetulia kabisa. Utulivu huo ndio uliomchoma zaidi. Miaka thelathini na moja alikuwa amekata nyumba ndogo za karatasi ya manila kwa ajili ya sikukuu ya Alasitas, ambapo mtu hununua mfano mdogo wa kitu anachotamani kukipata, kwa kisu kimoja na rula ya chuma, na mtaa mzima pale El Alto ulijua kuwa nyumba za Saturnino hushika. Ukichukua yake tarehe ishirini na nne Januari, ukaipeleka kwa yatiri, mganga wa jadi, akaifukiza na kuimwagia pombe saa sita kamili ya mchana, hukai sana kabla hujajenga yako ya matofali. Familia nne zilikuwa mashahidi. Lakini Novemba aliteleza ngazini, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika, na sasa vidole vile havikuweza kushika hata kijiko cha supu bila kutetemeka.

Ndipo binti yake Lizeth alipomletea mashine ya kukatia karatasi. Na leo ndiyo tarehe yenyewe. Primitiva Alanoca, muuza maandazi wa pale kona, aliyelala miaka kumi na minane na wanawe wawili katika chumba cha kupanga, angekuja saa tano na nusu kuchukua nyumba yake. Ghorofa moja, duka chini, mlango wa kijani unaofunguka. Mwaka jana alinunua ya mtu mwingine kule uwanjani, na kabla Februari haijaisha mwenye nyumba akamhamishia chumba cha nyuma, kisicho na dirisha. Mwaka huu alisema hataki kusikia jina la fundi mwingine.

Lizeth alikuwa amemweleza baba yake kila kitu tangu jana, polepole, kama anayefundisha mtoto kufunga viatu, na Saturnino alikuwa ameitikia kila kitu bila kusikia hata kimoja. Aliambiwa abandue kwanza ile nailoni inayofunika mkeka wa gundi unaoshika karatasi. Hakuibandua, na karatasi ya kwanza ikateleza ndani ya mashine ikatoka imekunjamana kama uso wa mtu aliyelia. Aliambiwa wembe usitokeze sana. Akautokeza, maana kisu chake yeye kilikuwa kikizama hadi mezani, na karatasi ya pili ikakatika pamoja na mkeka. Ya tatu wembe haukufika hata nusu ya unene. Ya nne ilikatika vizuri, ikachanika alipoivuta kutoka kwenye gundi.

"Baba, nilikwambia ukate kipande kidogo kwanza pale pembeni, uone wembe unafika wapi."

"Miaka thelathini sijakata kipande cha pembeni."

"Kwa sababu mkono wako ulikuwa unajua. Hii haina mkono. Inataka kuambiwa."

Akamshauri tena kile alichoshauriwa yeye na muuzaji: anayeanza aanze na kitu kikubwa na chepesi. Nyota, kwa mfano, au moyo.

"Primitiva kaomba moyo?" Saturnino akauliza.

Lizeth akamwaga maji ya moto kwenye kikombe, akamshikisha baba yake katika mkono wake wa kushoto. Walikuwa wamebakiwa na karatasi mbili. Duka la karatasi lililokuwa wazi lilikuwa mbali, na barabara zote za kuelekea huko zilikuwa zimefungwa kwa meza za wauza vigari, vigunia vya unga na vyeti vya chuo vya ukubwa wa kiganja.

Saa nne wakagombana juu ya madirisha. Saturnino alitaka kumi na mawili, kila moja na msalaba wake katikati, kama alivyoyakata siku zote. Lizeth alisema misalaba myembamba namna hiyo wembe utaing'oa. Nyumba ipanuliwe kidogo na madirisha yawe sita. Mzee akasema nyumba ya Alasitas hukaa kiganjani, na ikizidi kiganja ni kabati. Lizeth akamwambia basi akate mwenyewe. Alipolisema tu alilijutia, lakini lilikuwa limeshatoka.

"Weka sita," Saturnino akasema mwishoni.

Safari hii alifanya kila alichoambiwa, kwa hasira, kama mtu anayetii ili aje aonyeshe kuwa utii wenyewe ndio kosa. Aliikandamiza karatasi kwa kiganja mpaka ikakaa. Alikata mraba mdogo kwenye kona, akaubandua, akaona wembe umepita karatasi na haukugusa mkeka. Mashine ikanguruma, ikaenda na kurudi, ikanyamaza. Lizeth akaupindua mkeka kifudifudi, akauviringisha kuubandua kutoka kwenye karatasi badala ya kuivuta karatasi, na kuta nne zikalala mezani zimenyooka, madirisha sita, misalaba yote mizima. Saturnino akazikagua kwa miwani akitafuta kasoro. Hakupata, akaudhika.

Alipoinua ukuta wa mbele, mlango ukaanguka mezani.

Kwa kisu alikuwa akikata pande tatu tu na upande wa bawaba akiuacha. Hakuwahi hata kulifikiri jambo hilo. Jana, alipomchorea Lizeth kwenye simu mchoro wa kuingiza kwenye mashine, alichora mlango wenye pande nne, kwa kuwa mlango una pande nne.

"Imekata ulichochora, baba."

"Najua ilichokata!"

Karatasi ilikuwa imebaki moja. Ingetosha paa, au ingetosha ukuta mwingine wa mbele, si vyote viwili. Lizeth alitaka wagundishe mlango kwa selotepu na karatasi iende kwenye paa. Saturnino alisema mlango wa selotepu ni kidonda kilichofungwa bandeji, na nyumba isiyofunguka mtu ataingiaje. Akafuta mstari mmoja kwenye mchoro kwa kidole chake cha kushoto, akabonyeza kitufe mwenyewe. Ukuta ukatoka. Mlango ukafunguka na kufunga. Akaupaka kijani, mkono ukitetemeka, rangi ikavuka mpaka ukutani. Lizeth akapendekeza paa la vipande vilivyoharibika, akaambiwa hakuna kiraka kitakachotoka nyumba hii.

Kwa hiyo Primitiva alipoingia, akiwa amefunga aguayo, kile kitambaa cha kubebea mzigo, mgongoni na kofia ikidondosha mvua, alikuta kuta nne zimegundishwa zikasimama, mlango, na juu ni wazi.

Saturnino aliifunika nyumba kwa kofia yake. Alimwambia haijawa tayari, arudi mwakani, amtafute fundi mwenye mikono miwili. Primitiva aliinua kofia, akafungua mlango kwa ukucha, akaufunga, akaufungua tena.

"Fundi, chungulia nje. Nionyeshe nyumba moja mtaa huu iliyokwisha."

"Hilo si jibu."

"Hapa kwako tu juu kuna nondo sita zinanyeshewa tangu huyu Lizeth anavaa sare ya shule. Watu tunahamia kwanza, kuezeka baadaye."

"Mimi sitoi kazi nusu. Watu watasema nini?"

"Watasema Primitiva amejenga. Mkono wako nautakia heri, baba. Mimi nimefuata nyumba." Akaibeba, akatoka.

Saturnino akamfuata mpaka uwanjani bila koti, akimwambia njia nzima kuwa paa lingechukua robo saa, kwamba kosa ni la mchoro. Yatiri alikuwa na foleni ndefu na makaa yaliyokolea. Aliiangalia nyumba, akauliza paa liko wapi.

"Mwakani," Primitiva akajibu.

Fataki zikalia, ikawa saa sita, na Saturnino aliyekuwa amefungua kinywa kueleza hakusikika. Yatiri akarusha petali za maua, zikaangukia ndani, sakafuni. Kisha pombe. Manila ikaanza kulainika, ukuta wa mbele ukainama. Saturnino akapeleka mkono wa kulia, akaushika ukuta kwa vidole viwili usianguke. Vidole vikatetemeka, na ukuta ukatetemeka navyo, naye akaendelea kuushika, akisaga meno, mpaka yatiri alipomaliza maneno yake yote.