Mshenga wa Tuta la Nyasi

Usiku wa kuamkia leo niliota nyasi zangu zikiitana majina, na jina langu lilikuwemo kwenye orodha.

Kwanza nieleze kilichotangulia, msije mkadhani nilikula vibaya. Jana mchana mama mkwe wangu alifika kwetu Mafinga kututembelea. Akapita kando ya tuta langu la nyasi za mapambo, lile linalotoka getini hadi barazani, akasimama, akashika kiuno.

"Pole sana, mkwe," akasema. "Pori limewaingia mpaka mlangoni. Kesho asubuhi nitawasaidia kung'oa."

Kwao uwanja hufagiwa mpaka udongo ung'ae. Jani moja likionekana, majirani huja kuuliza nani anaumwa.

Nilipaswa kusema, "Mama, nimezipanda mwenyewe." Lakini mama mkwe hapingwi. Mtu ukiwa na neno zito naye, unamtuma mshenga. Basi nikatazama viatu vyangu, nikajibu, "Ahsante sana, Mama." Mke wangu Agripina akanikodolea macho kama mtu aliyemwona mwenzake akitia chumvi kwenye chai.

Nimefanya kazi kiwanda cha mbao miaka ishirini na sita. Kila kitu nilichopanda maishani kilikuwa cha kukatwa au cha kuliwa. Nyasi hizi hazina kazi yoyote, zinapepea tu, na ninazipenda kupita kiasi. Nikaenda kulala na huzuni ya kweli.

Ndotoni ni saa nne asubuhi, jua limewaka. Yule nyasi mrefu kuliko wote, mwenye mikia ya zambarau, amevaa miwani ya mke wangu na anasoma ile karatasi ya maelekezo niliyopewa kitaluni.

"Warefu nyuma, wafupi mbele," anasoma. "Baba Lodia!"

"Nipo."

"Wewe ni wa kati. Ingia."

Naingia kwenye tuta. Udongo unanifika magotini, na una ubaridi mzuri. Jirani yangu ni yule mwenye mistari ya njano.

"Kamwene," ananisalimu.

"Kamwene."

"Usinisogelee. Karatasi inasema hatua moja."

Naomba radhi, nasogea.

Mama mkwe anatokea na jembe begani. Yule mrefu, Mikia, anampima kwa macho, kisha anamwonyesha nafasi ya mbele kabisa, karibu na wale wafupi wa rangi ya bluu.

"Mimi mgeni, mnaniweka mlangoni?" anauliza.

"Ukikaa nyuma hutaonekana, Mama. Ni utaratibu wa tuta, si dharau."

Anakaa. Amenuna, jembe lake kalipakata kama mtoto.

"Ajenda ni moja," anasema Mikia. "Huyu Mama anatung'oa. Baba Lodia, mwambie asitung'oe."

"Siwezi. Ni mkwe wangu."

"Yuko hatua mbili kutoka hapo ulipo."

"Hata angekuwa nusu hatua."

Nyasi wote wanaguna. Wale wa bluu wanaulizana huyu mtu alioaje.

"Basi alete mshenga," anaamua Mikia.

Hapo hapo tuta linakuwa sebule ya wakwe zangu, siku ile ile ya posa. Vitambaa vya kufuma viko juu ya viti, soda ziko mezani. Sisi bado tumepandwa, ila sasa tumepandwa kwenye zulia. Hakuna anayeshangaa.

"Mshenga awe anayejulikana pande zote mbili," anasema Mikia.

Mchaichai, ambaye nilimpanda pembeni kujaza pengo tu, ananyoosha jani.

"Mimi. Kwa mkwe napandwa, kwa Mama nanywewa."

Wote wanakubali kwamba hiyo ni sifa. Agripina, ambaye muda wote alikuwa kochini anafuma sweta jekundu, anakata kipande cha uzi na kumfunga mshenga kiunoni ili atambulike. Mchaichai anajing'oa, anakung'uta mizizi, na kuvuka zulia polepole sana. Anapiga hodi kwenye kikombe cha mama mkwe.

"Karibu," anasema Mama.

"Nimetumwa na mkweo. Anasema..." Ananigeukia. "Unasemaje?"

Nafungua mdomo. Zinatoka mbegu, zile nyepesi zenye manyoya, zinapeperuka sebule nzima na kutua kwenye soda.

"Anasema mbegu," mshenga anaripoti.

"Maana yake nini?"

"Maana yake ana aibu, Mama."

Mama mkwe ananiangalia. Naona aibu mpaka mizizi inaniuma.

Nikaamshwa na mlio wa chuma kugonga jiwe. Nikakurupuka, nikatoka nje bila viatu.

Tuta lilikuwa limesimama lote. Jembe liliegemea ukuta, halina hata chembe ya udongo mbichi. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini kabisa ya baraza, karibu na zile nyasi fupi za bluu, anaitua birika juu ya mawe ya moto, kwa mlio ule ule ulioniamsha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Hakunitazama. "Baba Lodia, siku nyingine ukitaka kunikatalia, nikatalie mwenyewe. Usinitumie majani."

Safari hii sikutazama viatu, maana sikuwa navyo.

"Mama, naomba usizing'oe. Nimezipanda mwenyewe. Nazipenda."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu, Mama."

"Haya. Kaa unywe chai."

Akanimiminia. Juu ya chai lilielea jani la mchaichai, limefungwa uzi mwekundu katikati. Nikapeleka kidole nilitoe.

"Mwache," akasema mama mkwe. "Katembea sana huyo."