Karafuu Tatu Juu ya Skotel

Meiske alikuwa amechoka hadi anaongea na sufuria. Tangu alfajiri ya Krismasi hiyo, mjini Tomohon, alikuwa amechemsha makaroni, akakoroga maziwa, mayai na jibini, akaoka trei mbili za skotel ya nyama ya kusaga: moja ya nguruwe kama ilivyo desturi ya nyumba yao, nyingine ya ng'ombe kwa ajili ya Deitje.

Deitje, mdogo wake, alisilimu alipoolewa Gorontalo. Mara ya mwisho alipokuja walimlisha nguruwe kimyakimya, mama yao akisema kipande kimoja hakimuui mtu. Alipojua aliondoka bila kuaga, ikapita miaka saba. Wiki iliyopita alipiga simu akisema atajaribu tena, mara moja tu. Basi Meiske akachomeka karafuu tatu juu ya trei ya ng'ombe asije akachanganya, kisha akaenda kanisani.

Aliporudi, karafuu hazikuwepo, na trei zilikuwa zimehamishwa.

"Nimezitoa mimi," mama yake alisema. "Nani anaweka karafuu kwenye skotel? Wageni watatucheka, mwanangu."

Meiske hakuwa hata na nguvu ya kukasirika. Alionja huku, akaonja kule. Mafua ya siku tatu yalikuwa yameua ulimi wake. Hakupata ladha yoyote. Na neno la mama hangeweza kuliamini, baada ya yale ya miaka saba iliyopita. Akajishauri abahatishe tu, kwani nani atajua? Mwili wote ulimwambia abahatishe akalale.

Deitje akaingia na ushungi wake, akawaamkia, akaketi mezani.

"Yangu ipi, dada?"

Meiske akaweka kisu chini.

"Sijui, mdogo wangu. Nilizitia alama, alama imetoka. Usile hata moja."

Mama akaguna kwamba sikukuu nzima inaharibiwa na karafuu. Deitje akautazama mlango, na Meiske akaona miaka saba mingine imeshaanza. Ilimuuma sana. Kisha Deitje akavuta bakuli la wali, akachukua samaki wa kukaanga na pilipili, akala taratibu mpaka akamaliza.

"Mwakani usijichoshe hivi," alisema. "Skotel yangu nitakuja nayo mwenyewe."

Meiske akavuta kiti, akaketi mezani kwa mara ya kwanza siku ile, akalia.