Popote Utakapopita

Tulinagwe alifungua mlango wa nyuma akachote maji, akaukosa mto.

Mto ule ule uliokuwa ukipita pale tangu aolewe. Mahali pake palibaki tope jeusi na kambare wachache wakihangaika kwenye vidimbwi. Alisimama na ndoo mkononi, akidhani bado yumo ndotoni. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, hilo alilijua, lakini tangu lini mvua ikafukuza maji? Ndipo aliposikia ngurumo upande wa barabarani. Akazunguka nyumba mbio. Mto ulikuwa mbele ya nyumba yake, mpana, mwekundu, umepasua mashamba ya mpunga katikati. Umemtenga na kanisa, zahanati, na ofisi ya kijiji anachokiongoza.

Mito ya Kyela haina adabu, na huu ulikuwa mkorofi kupita yote. Kila masika ulikula ukingo wa kijiji jirani na kuacha udongo mnono upande wa kina Tulinagwe. Wenye mashamba wakawa wanavuka kwa mitumbwi kulima ardhi yao wenyewe, na ugomvi haukwisha. Mwishowe vijiji viwili vikakutana kukata mzizi wa fitina. Mzee Hezekia, mwenyekiti wa ng'ambo, aliomba mpaka ufuate michikichi ya zamani. Tulinagwe akasimama, akatengeneza kitenge chake, akasema mpaka ni mto, popote utakapopita. Watu wake walimpigia makofi mpaka vumbi likatimka.

Siku hiyo Hezekia alipoteza shamba, na kaburi la mama yake lililokuwa humo. Tangu hapo, kila alipotaka kulifagia, alilazimika kuvuka na kuja kwa Tulinagwe kuomba kibali. Tulinagwe hakuwahi kumnyima. Ila alimkalisha kwanza kwenye benchi, asubiri kidogo, ajue nani mwenye kijiji. Madaraka ni matamu, tusidanganyane.

Sasa watu walikuwa wamejaa ng'ambo ya maji mapya, wameshika vichwa. Mbele yao alikuwa Anyitike, mjumbe wa halmashauri ya kijiji, ambaye Tulinagwe mwenyewe ndiye aliyempigania achaguliwe.

"Anyitike!" aliita. "Maji yakipungua nileteeni mtumbwi. Tuna kikao."

"Kikao kipo, mama," Anyitike alijibu. "Lakini mwenyekiti sharti awe mkazi wa kijiji."

"Kwani mimi mkazi wa wapi?"

Anyitike aliunyooshea mto kidole. "Mpaka ni mto, mama. Popote utakapopita."

Tulinagwe alingoja mtu amkaripie Anyitike. Wangemcheka angejua la kuwajibu. Walimtazama tu kwa huruma, namna watu wanavyomtazama mfiwa, kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Tulinagwe alibaki na ndoo tupu mkononi. Watu aliowapigania hadi akachukiwa na kijiji jirani!

Akasikia hodi nyuma ya nyumba. Alikuwa Mzee Hezekia, tope mpaka magotini, ufagio wa chelewa mkononi. Alikuwa amevuka kwa miguu pale palipokuwa na mto.

"Mugonile, mwenyekiti," alisalimu.

"Ndaga, baba," Tulinagwe alijibu.

Hezekia alivua kofia, akaenda kuketi kwenye benchi lile lile. "Nimekuja kuomba kibali nikafagie kwa mama."

Tulinagwe alimtazama usoni atafute kejeli, asiione, na hilo likamchoma zaidi. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Nenda tu, baba. Ni kwako kule."

"Ndaga fijo," mzee alishukuru, akainuka, akavaa kofia.

"Na mimi je?" Tulinagwe aliuliza. "Mimi sasa ni wa wapi?"

Hezekia aliitazama nyumba, akautazama na mto.

"Kesho tuna mkutano wa kijiji," alisema kwa upole. "Njoo mapema, mama. Wageni huwa wanajitambulisha kwanza."