Shati la Saba

"Baba ana miaka sita kaburini. Haya mashati unamfulia nani?"

Janelle alikuwa ameshika ukosi wa shati la kazi la buluu, linachuruzika maji, kana kwamba amenikamata na mali ya wizi. Tulikuwa tumegombana tangu chai. Yeye anataka kamba ya nguo ing'olewe, mimi nasema haing'oki. Mwezi Juni niliteleza kwenye ngazi ya nyuma nikiwa na beseni la nguo, nikalala pale saa nzima, na tangu siku hiyo binti yangu haambiliki. Ameninunulia mashine ya kukaushia. Fundi wa kuukata mlingoti alikuwa anakuja saa nne.

Kamba yetu ni ile ya mlingoti mmoja wa chuma wenye mikono minne, inayozunguka na upepo. Watoto wangu walibembea juu yake mpaka mkono mmoja ukapinda.

Nilimjibu kwamba nafua ninachotaka na maji nalipa mwenyewe. Hakuridhika. Alikwisha kufungua kabati langu.

"Ni safi, Mama. Unayatoa safi, unayalowesha, unayaanika, unayarudisha. Kila Jumatatu?"

"Kila Jumatatu."

"Kwa nini?"

"Ili kamba ijae."

Aliliachia shati. Aliniangalia kama watu wanavyomwangalia mgonjwa, na hilo liliniudhi kuliko maneno yake.

Zamani mtaa wetu wote wa Mayfield ulifua Jumatatu. Waume zetu walifanya kazi kiwanda cha chuma, na upepo ukigeukia kwetu, masizi yalitua kwenye shuka mbichi kama pilipili manga. Aliyeuhisi upepo kwanza aliokoa nguo zake na za jirani. Hukuomba ruhusa. Dulcie Hargrave wa nyumba ya pili alipita kwenye mwanya wa mbao mbili tulizong'oa uzioni, akaanua nguo zangu, akazikunja, akaacha beseni mlangoni. Nami nilifanya hivyo kwake. Mashati ya mume wangu Keith aliyakunja mikono ikiwa mgongoni, kama mfungwa, na kwa miaka mingi nilimwambia sivyo. Mimi nina stashahada ya sayansi kimu, nimefundisha wasichana kukunja mashati. Dulcie aliacha shule ana miaka kumi na minne.

"Basi, Mwalimu," alikuwa akisema, "siku nyingine nitayaacha yaliwe na masizi."

Mwaka 1974, Jumatatu moja, saa tatu ilifika Dulcie hajaona nepi kambani kwangu. Hakubisha hodi. Alinikuta sakafuni chumba cha kufulia, homa imenilaza, Janelle akilia peke yake kitandani. Daktari alisema ingefika jioni ningekuwa nimekwenda.

Janelle anaijua habari hiyo, na ndiyo maana aliunyooshea uzio kidole.

"Sasa hivi nani anaiona hiyo kamba yako?"

Uzio ni wa bati, umenizidi kimo. Dulcie alipohamishiwa nyumba ya wazee miaka mitatu iliyopita, walionunua kwake walitaka uzio mpya, na huku jirani hajengi uzio kabla ya kukubaliana nawe. Niliweka sahihi siku ileile. Mimi ndiye niliyeomba uwe mrefu. Sikutaka kuona nguo za mtu mwingine kwenye kamba ya Dulcie. Baadaye nilisikia msumeno, kumbe nao waliing'oa ile kamba yake. Majina yao siyajui. Siku niliyoanguka niliwasikia wakicheka upande wa pili, sikuita. Ningeita nani?

Janelle alishusha sauti. Akasema Alhamisi alipita kumwona Dulcie. Nilibana soksi ambayo tayari ilikuwa imebanwa.

"Jina langu amelisahau," alisema. "Lakini aliniuliza kama umeshaanika. Nikamwambia umeanika. Akasema, mwambie aangalie upepo."

Kile kiwanda kimefungwa tangu 1999.

"Hujaenda hata mara moja, Mama."

"Nilikuwa na kazi."

"Kazi gani? Kufua nguo safi?"

Huyu mtoto nimemlea mwenyewe, ulimi huo ni wangu. Jibu lilikuwa aibu. Sikutaka kumwona Dulcie ameketishwa kwenye kiti, amevaa gauni lenye kitambaa cha jina lake shingoni ili lisipotee kwa dobi, kati ya nguo za watu mia. Niliona heri nimwanikie nguo akiwa hayupo.

Nikabandua vibanio. Mashati yote sita niliyatupa kwenye beseni. Kambani kikabaki kilicho changu cha wiki nzima: gauni la kulalia, blauzi moja, taulo mbili, soksi. Hata mkono mmoja haukujaa. Nililazimisha macho yangu yatazame.

"Hayo yatie kwenye mashine yako," nilimwambia, "tuone kama inafanya kazi."

"Na fundi je?"

"Asiguse kamba. Mwambie aweke mkono wa kushikia pale kwenye ngazi. Ngazi ndiyo iliyoniangusha."

Alibeba beseni akaingia nalo ndani.

Niliingia chumbani. Kabatini lilikuwa limebaki shati moja kavu, la saba, lililochanika kiwiko. Nililichukua kwenye mtundiko wake bila kulikunja. Janelle alinikuta nikitafuta funguo, akauliza naenda wapi na shati la baba.

"Kwa Dulcie. Alikunje anavyotaka."

Nililaza shati kwenye kiti cha pembeni nikatoa gari kinyumenyume. Barabara nzima haikuwa na mtu wa kunipungia mkono. Kwenye makutano nilifungua dirisha nikatoa mkono nje, nikapima upepo, kisha nikakata kushoto.