Kiwanja Tasa

Mwezi wa pili baada ya mazishi, saa tatu asubuhi, mpima ardhi alifika na nyundo, utepe na vigingi. Mjane alikuwa kwenye cherehani akipinda sketi za shule. Alimpa kiti, akaendelea kushona. Mashemeji zake watatu walikuwa uani tangu saa mbili, wakikikata kiwanja kwa macho.

"Marehemu hakuacha mtoto," kaka mkubwa alimweleza mpima. "Shemeji yetu ni tasa. Tugawie sisi watatu."

Mpima alipigilia vigingi, akaenda kunywa maji. Aliporudi, vigingi vyote vilikuwa vimehamia kwenye pembe za kiwanja. Akavipigilia upya, vikahama tena. Ndipo akafungua hati, akasoma namba: 1,000,003.

"Kumbe," alisema, akatafuta penseli.

Kiwanja cha jirani, 1,000,002, kilikatwa vipande sita mwaka jana bila matata. Hiki kilimweka barazani siku mbili. Kwa tatu ilibaki moja. Kwa saba ilibaki nne, kwa kumi na moja nne, kwa kumi na tatu nne vilevile. Hakuwa na haja ya kuvuka elfu moja, maana elfu mara elfu ni milioni, na zile tatu za juu hazifiki mbali. Mjane alimletea chai na kumkagulia hesabu. Mtu aliyekata vitambaa maisha yake yote hadanganywi na baki.

Siku ya pili, alasiri, mpima aliweka penseli chini.

"Ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Kwa yenyewe ndiyo watu wangapi?" aliuliza mdogo wao.

"Milioni moja na watatu."

"Hatufiki," alisema wa katikati.

"Basi ni mtu mmoja," alisema kaka mkubwa.

"Mmoja si huyu anayeishi humu?" mpima aliuliza, akimwelekea mjane.

"Tasa juu ya tasa, mzee?" Kaka mkubwa alisema hivyo kwa upole, akachukua kalamu. Hati ikaandikwa jina lake mwenyewe. Vigingi havikusogea.

Mjane alikunja sketi zilizobaki.

"Miaka kumi na tisa wananiita neno hilo," alimwambia mpima. "Leo ndiyo mara ya kwanza nalisikia likitamkwa kwa heshima."

 Mpima alimsaidia kufunga cherehani kwenye baiskeli.

"Tasa inayofuata iko wapi?" aliuliza mjane.

"Thelathini mbele. Hapo katikati hamna hata moja."

Wakaenda wakikokota baiskeli, wakihesabu mageti. Kwenye 1,000,033 mwanamke wa makamo alifungua kabla hawajabisha. Aliitazama cherehani, akasogea pembeni ipite.

"Ingia, dada, chumba kipo," alisema. "Hapa hawajaja kupima bado."